Mwewe wa Asubuhi

Juzi nilikuwa Kinyangiri, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba aliyoiacha bibi, nakula ugali wa uwele kwa mlenda. Kitu cheusi kikapita mbio juu ya vumbi mbele ya miguu yangu. Sikufikiri hata kidogo. Nilishtukia nimesimama, mikono juu, bakuli limeanguka, na koo langu limetoa ukelele ambao sikuwa nimeutoa tangu nilipokuwa na sketi ya shule ya msingi. Watoto wa kaka yangu walibaki wananitazama. Mmoja wao alimuuliza mama yake, kwa upole kabisa, shangazi huko chuo kikuu alisomea nini.

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikakaa, na shairi zima likanirudia, mistari yake minane, bila kukosa neno. Mimi ni mtu ninayesahau namba yangu mwenyewe ya simu. Nimesoma fasihi miaka mitatu, nimeandika kurasa nyingi juu ya mashairi makubwa ya watu wakubwa, na mengi yamenitoka kichwani kama maji kwenye chekeche. Hili la mwewe limebaki. Ngoja nikusimulie kwa nini.

Nilikuwa darasa la sita. Baba na mama walikuwa Itigi, baba akifanya kazi ya reli, nami nikaachwa kwa bibi ili nisome mahali penye utulivu. Utulivu gani, sijui. Miaka ile kijiji kizima kilikuwa kimeamka. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalianza kujaa vitu: sabuni zenye harufu, betri, peremende za rangi tatu. Jirani yetu alinunua mashine ya kukamua alizeti, na mchana kutwa ilinguruma huku hewa ikinuka mafuta ya moto, harufu tamu inayokufanya utamani maandazi hata kama umeshiba. Watu walivaa mitumba yenye maandishi wasiyoyaelewa. Na kila wiki lori lilikuja kununua kuku. Lilikuja na matenga matupu, likaondoka na matenga yanayolia, kuelekea Dar es Salaam, ambako tuliambiwa watu hawajui kufuga ila wanajua sana kula.

Kwa hiyo kuku hakuwa kuku tu. Kila nyumba ilihesabiwa heshima kwa kuku wake, na adui wa kila nyumba alikuwa mmoja: mwewe. Alikuwa anatoka kwenye mawe makubwa yaliyo mashariki ya kijiji, yale yaliyobebana kama vile mtu aliyapanga akasahau kuyashusha. Desturi yetu ilikuwa rahisi. Ukiona mwewe, au ukisikia mama kuku akitoa ile sauti yake ya kukwaruza, unasimama na kupiga kelele, popote ulipo na chochote unachofanya. Hata kama kuku si wako. Hata kama uko msibani. Mara moja nilimwona katekista akiacha sala katikati, akapiga kelele, akarudi kwenye sala pale pale alipoachia, na hakuna aliyeona ajabu.

Bibi alikuwa na mbinu zake za ziada. Vifaranga wake aliwapaka rangi ya kutilia ukindu wa mikeka, zambarau kali, ili mwewe asiwatambue kuwa ni chakula. Niliwahi kumuuliza bibi, mwewe anajuaje kwamba kifaranga si wa zambarau. Alinijibu, "Mke mwenzangu, na wewe ukiulizwa unajuaje kwamba ugali si wa zambarau, utasemaje?" Nilifikiria jibu hilo kwa siku nzima na sikupata pa kulishika.

Ndipo akaja mwalimu wa mazoezi. Alikuwa kijana mwembamba kutoka upande wa Ihanja, bado yuko chuo cha ualimu, ametumwa kwetu kufundisha mpaka mkufunzi wake aje kumkagua. Alikuwa na koti moja la kahawia, la mitumba, pana mabegani, ambalo hakulivua hata jua la saa saba. Vitabu vya Kiswahili shuleni vilikuwa vichache na vimepoteza kurasa, na ukitaka shairi ulikuta nusu yake. Yeye akasema haidhuru, atatuandikia lake. Akageukia ubao, akaandika polepole, chaki ikilia:

Mwewe juu azunguka,
Mbawa hazina haraka,
Jicho chini limeshuka,
Uwanjani penye kuku.

Kivuli hutangulia,
Ndipo naye hufikia,
Mama kuku akilia,
Kimoja hakiko huku.

Alipomaliza alisimama kando, mikono nyuma, kama mtu aliyemleta mchumba nyumbani. Sisi tulikuwa tumezoea mashairi ya kusifu jembe na kukemea uvivu. Hatukuwa tumewahi kuona shairi lenye kuku wetu ndani yake. Mwenzangu wa dawati, kijana mmoja mtundu aliyevaa katambuga kubwa kuliko miguu yake, alininong'oneza kwamba huyu mwalimu anaonekana aliwahi kuibiwa.

Mwalimu hakutuuliza shairi linamaanisha nini. Aliuliza tunaona nini. Tukaanza kusema, kwanza kwa woga, halafu kwa fujo. Mmoja akasema mbawa hazina haraka kwa sababu mwewe hapigi mbawa, anazitandaza tu upepo ukambeba, na upepo wa Singida unaweza kubeba hata mbuzi. Mwingine akauliza, kimoja nini? Shairi halijataja kifaranga mahali popote. Tukasoma upya. Kweli, hakimo. Kuku yumo, mama kuku yumo, lakini kifaranga hayumo, na hata hivyo kila mmoja wetu alikuwa amemwona akibebwa. Mtu anawezaje kukuonyesha kitu kwa kutokukitaja? Mwalimu alikuwa anatabasamu akiangalia sakafu.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimelewa mistari ile. Jioni zamu ya kulinda vifaranga ilikuwa yangu. Siku zote nililinda kwa kutazama angani na kumsikiliza mama kuku, kama kila mtu. Siku hiyo nikaona nina elimu mpya. Kama kivuli hutangulia, kwa nini niumize shingo? Nikakaa mlangoni na kukodolea macho uwanja, nikisubiri kivuli. Jua lilikuwa limeshaegemea magharibi. Nilisubiri kwa makini ya mwanafunzi bora. Ghafla upepo ulinipiga usoni, mama kuku akakwaruza, na kifaranga mmoja wa zambarau alikuwa anapanda mbinguni. Kivuli nilikiona baadaye, kikimfuata bwana wake nyuma kama mbwa aliyechelewa.

Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliniuliza nilikuwa naangalia wapi. Nikamwambia chini. Akauliza ni nani duniani anayelinda vifaranga kwa kuangalia chini. Nikamwambia ni shairi la mwalimu.

"Huyo mwalimu ana kuku?" akauliza bibi.

Nikasema sijui.

"Kamuulize. Na kama hana, shairi lake asilete kwenye uwanja wangu."

Kesho yake sikusubiri hata tumalize kuimba salamu. Niliinua mkono na kumwambia mwalimu, mbele ya darasa zima, kwamba mstari wa tano ni wa uongo na umemla kifaranga wa bibi. Nadhani unajua shule zetu zilivyokuwa. Kwa maneno kama hayo kwa mwalimu mwingine ningepiga magoti mpaka mapumziko. Mwalimu aliusoma mstari wake ubaoni, akausoma tena, akakuna kidevu. Alisema kwao Ihanja aliona kwa macho yake kivuli kikitangulia, mara nyingi, akiwa mtoto. Nami nikasema mimi niliona kwa macho yangu kikifuata, jana.

"Basi mmoja wetu atakuwa kipofu," alisema. "Twende tukaone."

Maneno hayo, twende tukaone, sikuwa nimewahi kuyasikia ndani ya darasa. Tulitoka kwa kusukumana. Mwalimu akavua lile koti, na tukajua jambo ni zito. Akalitundika kwenye mpini wa jembe refu, akaliinua juu ya kichwa, akaanza kukimbia uwanjani akitokea upande wa mawe, koti likipepea mikono kama mbawa. Lilikuwa jua la asubuhi, nyuma yake. Kivuli cha koti kilikimbia mbele yake, kirefu, kikitufikia sisi kabla yake. Wenzangu wakashangilia kwamba nimeshindwa. Nikamwomba ageuze, akimbie kuelekea mawe. Akageuza, akakimbia, na kivuli kikabaki nyuma. Alikimbia tena saa sita, wakati wa mapumziko, na kivuli kilikuwa chini ya miguu yake. Alikimbia tena jioni akitokea mawe, jua likimpiga usoni, na kivuli kilimfuata nyuma kama kilivyomfuata mwewe wangu. Jasho lilikuwa limemlowesha shati. Aliketi chini, jembe mapajani, akawa anapumua kama aliyetoka kulima.

Tulimzunguka. Akaanza kutuuliza, nasi tukajibu, na jambo likafunguka mbele yetu lenyewe. Kivuli kinatangulia mwewe akiwa na jua mgongoni. Mwewe wetu anatoka mashariki. Kwao Ihanja pia, akakumbuka, mwewe alitoka kwenye kilima cha upande wa jua linakochomoza. Kwa hiyo katika shairi lile ni asubuhi. Neno asubuhi halimo, jua halimo, lakini ni asubuhi, na mtu yeyote anayesoma kwa makini anaweza kuiona.

"Kumbe niliandika asubuhi," mwalimu alisema, taratibu, "na sikujua."

Leo naweza kubishana na hitimisho letu. Mwewe anayetoka magharibi jioni naye kivuli chake kitatangulia, na shairi halikutaja mawe wala kilima. Lakini siku ile nilitetemeka kwa furaha. Mwandishi mwenyewe hakujua kilichomo ndani ya mistari yake, na sisi, watoto wenye vumbi magotini, tulikuwa tumekikuta. Nilikimbia njia nzima kumweleza bibi. Alinisikiliza, akasema basi jioni niangalie juu, akarudi kwenye mboga zake.

Sasa sikia lililokuwa gumu. Mkufunzi alikuwa anakuja. Tulijua, kwa sababu watoto wa shule wanajua kila kitu, kwamba alishakuja mara moja na hakuridhika. Alisema darasa la mwalimu wetu lina kelele na halifuati andalio la somo. Safari hii ilikuwa ya mwisho. Akianguka tena, cheti hakuna, anarudi Ihanja kulima kama asiyewahi kwenda chuo. Mama yake alishauza ng'ombe wao kumsomesha, hilo alilisema mwenyewe siku moja, kwa mzaha, na hatukucheka.

Asubuhi moja tulikuwa tunafagia chini ya dirisha la ofisi, tukamsikia mwalimu mkuu akimpa ushauri. Mwalimu mkuu alikuwa mzee mwema, mwenye kuku wengi waliozunguka shule nzima kama watumishi. Alimwambia somo la ushairi lina swali moja kubwa, nalo ni dhamira, na mwewe ni mnyonyaji. Ndivyo lilivyokuwa jibu tangu aanze kazi. Mwalimu wetu akasema kwa adabu kwamba shairi hili limeandikwa mwezi uliopita.

"Hata lingeandikwa leo asubuhi," alisema mwalimu mkuu. "Mwewe ni mnyonyaji." Kisha akasita. Mwenye lori la kuku alikuwa ametoka kuipa shule chokaa ya kupaka madarasa mawili. "Ila usiende mbali ukataja wafanyabiashara. Siku hizi ni wenzetu."

"Nimtaje nani basi, mwalimu?"

"Usimtaje mtu. Sema mnyonyaji, nyamaza."

Tukakubaliana darasani, bila mwalimu kujua, kwamba tutamsaidia. Hakuna kelele, hakuna maswali, wala mtu kutaja koti na jembe. Wote walinigeukia mimi. Mwenzangu wa dawati alisema nikiinua mkono atanikanyaga na katambuga, na ile katambuga ilikuwa ya tairi la lori.

Siku ikafika. Mkufunzi alikuwa mtu mnene, suti ya kijivu, miwani, jalada la karatasi kwapani. Tulisimama, tukaamkia shikamoo kwa sauti moja, akaitikia marahaba na kwenda kukaa nyuma kabisa, mwalimu mkuu kando yake. Mwalimu wetu alifundisha kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Aliandika shairi. Alisoma. Aliuliza dhamira. Kiranja akasimama wima akasema mwewe ni mnyonyaji anayewanyonya wanyonge. Mwalimu mkuu akatikisa kichwa kwa furaha. Kalamu ya mkufunzi ikaandika. Kila kitu kilikwenda vizuri, na kila kitu kilikuwa kimekufa. Nilitazama mistari ubaoni na sikuona mwewe. Niliona chaki.

Kisha mkufunzi mwenyewe akauliza, kutoka kule nyuma, ni nani atamweleza kwa nini mshairi amesema kivuli hutangulia. Nilijua anachotaka. Alitaka tuseme dalili za unyonyaji huonekana kabla ya unyonyaji wenyewe. Kiranja hakuwa ameandaliwa kwa hilo. Darasa zima likanyamaza, na mwalimu wetu akawa mweupe midomoni. Ukimya ule ulikuwa unamwangusha, ungeweza kuusikia ukimwangusha. Nikainua mkono. Katambuga ikanikanyaga. Nikasimama hivyo hivyo.

"Kwa sababu ni asubuhi," nikasema.

Mwalimu mkuu alifunga macho. Mkufunzi akavua miwani na kuniuliza shairi limesema wapi kwamba ni asubuhi. Nikasema halijasema, ila jua liko mgongoni kwa mwewe, na mwewe anatoka mashariki. Akauliza hayo nayo yameandikwa wapi. Nikasema yameandikwa kwenye kivuli. Watu wakaanza kucheka, wachache, kwa hofu. Mkufunzi akamgeukia mwalimu wetu na kumuuliza kama hivyo ndivyo alivyotufundisha.

Rafiki, angeweza kunikana. Ilikuwa rahisi. Angesema huyu binti ni mbishi, kaa chini, na somo lingeendelea kwenye mawe yake ya kuvukia mto. Aliniangalia, akauangalia ubao, akafuta mikono yenye chaki kwenye lile koti.

"Ndivyo walivyonifundisha wao," alisema. "Naomba twende nje, mkufunzi. Jua bado halijapanda."

Tulitoka kwa mstari, kimya kama maziko. Mkufunzi aliletewa kiti. Alikaa katikati ya uwanja, jalada wazi mapajani, mgongo kwa mawe, kuku wa mwalimu mkuu wakidonoa kuzunguka viatu vyake. Mwalimu wetu akatundika koti kwenye jembe na kukimbia akitokea mashariki, mbele ya mtu aliyeshika maisha yake kwa kalamu. Kivuli kikatangulia vizuri kabisa. Mkufunzi akatazama, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba koti si mwewe, na kwamba yeye alikuja kukagua Kiswahili. Akainama kuandika. Nilitaka kulia. Nilikuwa nimemmaliza mwalimu.

Nami sikuona lililofuata likianza. Nilichoona ni mkufunzi akiruka. Kiti kilianguka nyuma, suti ya kijivu ikasimama, mikono miwili juu, na sauti ikatoka ndani ya yule mtu, kubwa, ya Kinyiramba safi, akimtukana mwewe kwa matusi ambayo bibi alikuwa akiyatunza kwa siku za hatari tu. Alirusha kitu alichokuwa nacho mkononi, na alichokuwa nacho mkononi ni jalada. Hapo ndipo mama kuku alipokwaruza, na sisi sote tukaamka. Darasa zima lilipiga kelele. Katambuga ya mwenzangu ilipita sikioni pangu ikielekea mawinguni. Kiranja alirusha rula. Mwalimu mkuu alikimbia na fimbo ya kengele. Mwalimu wetu alitikisa koti juu ya jembe kama bendera ya vita. Mwewe alikuwa ameshanyoosha miguu, karibu kabisa, niliona jicho lake la njano, akabadili mawazo hewani, akapinda, akapanda, akaenda zake bila haraka, kana kwamba hakutaka kitu.

Vifaranga walitoka chini ya mama yao mmoja mmoja. Wote walikuwepo. Karatasi za mkufunzi zilikuwa zinapaa kwa upepo uwanja mzima na watoto wakizifukuza. Yeye alisimama katikati, tai imehamia begani, anahema, na usoni ana furaha ambayo hakuwa na muda wa kuificha. Kisha akakumbuka yeye ni nani. Akavaa miwani. Akatuuliza, kwa sauti ya ukaguzi, haya, nani alikiona kivuli?

Hakuna. Tulikuwa tumetolewa darasani, watu zaidi ya arobaini, kuja kutazama kivuli, na alipokuja mwewe wa kweli kila mmoja alitazama juu, kama tulivyolelewa. Mwalimu wetu aliinamisha kichwa. Lakini mimi kitu kilikuwa kinanikera, na kitu kikinikera sijui kunyamaza, sikujua wakati ule na sijajua mpaka leo.

"Shikamoo, mkufunzi," nikasema.

"Marahaba. Ulishaniamkia."

"Naomba kuuliza. Ulisimama kabla mama kuku hajalia. Na mwewe alikuwa nyuma yako. Ulisimamishwa na kitu gani?"

Aligeuka kuyatazama mawe, akalitazama jua, kisha akatazama ardhi mbele ya viatu vyake kwa muda mrefu, pale ambapo kalamu yake ilikuwa imeanguka. Mwalimu mkuu alikuwa anakohoa bila kikohozi.

"Kilinipita miguuni," alisema mwisho. Halafu, polepole, kwa mwalimu wetu, si kwangu: "Shairi hili ni la nani?"

Sisi sote tulikuwa tunajua, na sisi sote tulitazama kwingine, tukihofu atalaumiwa kwa kufundisha shairi lisilo la kitabu. Mwalimu akasema ni lake. Mkufunzi aliomba karatasi zake, akazipanga, akafuta mavi ya kuku kwenye mojawapo kwa kitambaa. Alisema somo halikufuata andalio. Alisema darasa lina kelele kuliko alivyoliacha. Na alisema ataandika kwamba wanafunzi walitoka nje kwa idhini yake yeye, ili asije mtu kuuliza. Hapo tukajua mwalimu amefaulu. Hatukushangilia mpaka gari lake lilipopotea kwenye kona ya mashine ya alizeti, lakini lilipokwisha kupotea, nadhani walitusikia mpaka Mwankoko.

Mwalimu alibaki nasi siku chache tu. Baadaye tulisikia amepangiwa shule ya mbali, na lori la kuku likamchukua pamoja na begi lake, akiwa amekaa mbele kama mtu mwenye matenga yake mwenyewe. Sijamwona tena. Sijui kama aliandika mashairi mengine, na nikiwa mkweli sijui kama lile lilikuwa shairi zuri. Nimejaribu kulipima kwa vipimo nilivyofundishwa na halijai hata ukurasa mmoja wa uchambuzi. Siku moja katika semina ya chuo nilimuuliza mhadhiri, kuhusu shairi maarufu tulilokuwa tunalichambua, ndani yake ni saa ngapi. Watu walicheka. Yeye hakukasirika, alisema ni swali la kuvutia, akaendelea na dhamira. Hakuna aliyetazama dirishani.

Ninayoitamani zaidi ni siku yake ya mwisho. Madaftari yalikuwa haba, kwa hiyo alitutoa uwanjani, akampa kila mmoja kijiti, akatuambia tuandike kwenye vumbi ubeti wetu wa mwewe, wa saa yoyote tunayotaka. Mimi niliandika wa jioni. Nilijivunia sana, nikaufuta na kuurudia, ulimi nje. Alipita katikati yetu akiinama na kusoma kila ubeti kwa sauti, akinyanyua miguu juu kama korongo ili asikanyage neno la mtu. Wangu aliusoma mara mbili. Nimeutafuta kichwani tangu juzi, nimekaa na kalamu usiku na mchana, na neno hata moja halirudi. Alipofika mwisho wa uwanja kengele ililia, na darasa la kwanza wakatoka mbio kwenda nyumbani, wakicheka, wakapita juu ya mashairi yetu yote.